Somo la Kumi na Saba: Jamaa Inayotumikia Maskini Pamoja Hupata Nini?



Ndugu wapenzi, baba na mama, nanyi vijana mnaokaa karibu na redio pamoja na wazee wenu, katika somo lililopita tulihesabu matendo saba ya huruma yanayohusu mwili: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwakaribisha wageni, kuwatazama wagonjwa, kuwaendea wafungwa, na kuwazika wafu. Somo lile lilipokwisha kusomwa katika kijiji kimoja upande wa Kasenga, mkulima mmoja, baba wa watoto sita, alisimama akaniuliza: "Katekista, nikienda mimi na mke wangu na watoto wangu wote kumlimia mgonjwa shamba lake, siku ile shamba langu linabaki bila jembe. Sisi tutapata nini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala mimi sikuweza kucheka, kwa maana swali hilo Mtakatifu Petro alikwisha kumwuliza Bwana wetu kabla yake. Tazameni Injili ya Matayo, sura ya 19: Petro anakumbusha kwamba yeye na wenzake wameacha vyote wakamfuata Yezu, naye anataka kujua fungu lao litakuwa nini. Bwana hakumkemea kwa kuuliza, bali alimjibu. Basi mkulima wetu naye ana haki ya kujibiwa. Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi, na niliona usoni pake kwamba halikumtosha. Nimelifikiri tena njiani mara nyingi, nikiwa juu ya kinga yangu kati ya kijiji na kijiji, nami nataka kulieleza leo.

Kwanza niseme kile ambacho jamaa haitapata, ili mtu asije akanidai baadaye. Haitapata feza. Haitapewa nafasi ya mbele katika kugawiwa nguo za Caritas. Haiahidiwi kwamba mahindi yake yatazaa mara mbili kuliko ya jirani. Siku hizi wako wahubiri wanaotangaza kwamba ukitoa kumi Mungu atakurudishia mia, tena kabla ya mwisho wa mwezi, na wengine wameuza baiskeli zao kwa kuyaamini maneno hayo. Sadaka ya namna hiyo ni biashara, na katika biashara hiyo ninayemjua kuwa amepata faida ni mhubiri.

Fungueni Kitabu cha Tobiti, ambacho si kirefu, na ambacho baba wa jamaa anaweza kukisoma chote kwa jioni mbili tatu. Tobiti alikuwa Mwisraeli aliyechukuliwa mateka hata Ninawi. Siku ya sikukuu ya Pentekoste alitengenezewa meza nzuri nyumbani mwake. Kabla hajala alimwita mwanawe Tobia, akamtuma aende kumtafuta maskini mmoja kati ya ndugu zao mateka, amlete ale pamoja nao. Naye baba atangoja. Angalieni vema: Tobiti hakumtuma mtumishi, wala hakutoa chakula kiende kuliwa nje. Alimtuma mtoto wake, tena akamngoja. Tobia akatoka, akarudi bila mgeni na kwa habari ya kutisha: mtu mmoja wa taifa lao ameuawa kwa kunyongwa, na maiti yake imetupwa sokoni. Tobiti akaacha chakula bila kukionja, akaiondoa maiti, akaificha mpaka jua lilipokuchwa, kisha akachimba kaburi akaizika. Majirani wakamdhihaki. Usiku uleule alilala uani kando ya ukuta, mavi ya ndege yakamwangukia machoni, naye akawa kipofu kwa miaka minne.

Huyo ndiye mtu aliyetenda huruma, na huo ndio mshahara wa kwanza alioupata. Mke wake Ana alilazimika kufuma nguo za watu apate kuilisha nyumba. Siku moja waliompa kazi walimwongezea mwana-mbuzi juu ya malipo yake. Tobiti, asiyeona, akasikia mbuzi akilia, akadhani ameibwa, wakagombana. Ndipo Ana alipomwuliza kwa uchungu ziko wapi sasa sadaka zake na matendo yake mema. Maandiko Matakatifu hayakuyaficha maneno hayo. Kila mama aliyemwona mume wake akigawa unga wakati unga wenyewe unakaribia kwisha anayajua.

Lakini endeleeni kusoma. Ni nani aliyekwenda safari ndefu badala ya baba kipofu, akiongozwa na malaika Rafaeli bila kumtambua? Ni Tobia. Ni nani aliyerudi na nyongo ya samaki, akampaka baba yake machoni mpaka utando mweupe ukabanduka? Ni Tobia. Kijana aliyezoezwa na baba yake kutoka nje na kumtafuta maskini alijifunza kuona, na siku macho ya baba yalipozimika, macho ya mwana yalikuwa yamekwisha kufunguka. Mwisho wa kitabu tunamkuta Tobia akiwazika wazazi wake kwa heshima, kisha akiwatunza wakwe zake katika uzee wao. Wazazi wanaoogopa kuachwa peke yao siku za uzee, nao ni wengi vijijini mwetu tangu vijana walipoanza kukimbilia machimbo ya shaba na kobalti, wazisome sura hizo polepole. Mtoto aliyeona tangu udogo namna mzee wa watu anavyopelekewa maji hahitaji kufundishwa kwa maneno namna ya kumpelekea maji mzee wake mwenyewe.

Mfano wa pili hautoki katika Maandiko, ila jina lake linatajwa hata leo katika mji wa Lubumbashi. Mapadri Wasalesiani, watoto wa Mtakatifu Yohane Bosco, walifika huko mwaka 1911, mji ungali ukiitwa Elisabethville. Kati ya kazi zao mjini mna nyumba zinazowapokea watoto wa barabarani. Moja yaitwa Bakanja, kwa heshima ya Mwenyeheri Isidori Bakanja, kijana katekista wa nchi yetu aliyekufa kwa ajili ya skapulari yake mwaka 1909. Na kazi yote ya nyumba hizo imewekwa chini ya jina la Mama Margherita. Wengi hulitamka jina hilo wasijue ni la nani. Ni la mama mzazi wa Yohane Bosco.

Mama huyo alikuwa mkulima wa Italia, mtu wa jembe na ng'ombe kama ninyi. Mume wake alikufa mwaka 1817, na Yohane alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mjane alibaki na watoto watatu, mmoja wao akiwa mtoto wa mke wa kwanza wa marehemu, na juu yao mama mkwe mgonjwa. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Hata hivyo mlango wake haukufungwa kwa wapita njia, na watoto wake walikua wakiona sahani ya mgeni mezani. Yohane alipokuwa padri na kuanza kuwakusanya vijana maskini katika mji wa Torino, nguvu zilimwishia, akaugua karibu na kufa. Ndipo alipomwomba mama yake aje kukaa naye. Margherita alikuwa na miaka 58, nyumba yake, wajukuu wake, na amani ya kijijini. Tarehe 3 Novemba 1846 waliondoka kwa miguu, mama na mwana, mama akiwa na kikapu cha nguo mkononi.

Msidhani kwamba huko alipokewa kwa nyimbo. Vijana wa kwanza waliolazwa katika nyumba ile waliamka alfajiri wakatoroka na mablanketi. Mwezi wa Mei mwaka 1847, usiku wa mvua, alibisha hodi yatima mmoja wa miaka kama 15, aliyekuja mjini kutafuta kazi ya ujenzi, nguo zake zikichuruzika maji. Mama Margherita alimkausha karibu na moto, akampa supu na mkate, kisha akamtengenezea kitanda jikoni kwa matofali na mbao. Kabla kijana hajalala, mama akamwambia maneno machache juu ya kazi, uaminifu na sala. Kutoka kwa maneno yale ya jikoni ilitokea desturi ya Wasalesiani ya kuwaambia watoto neno fupi jema kila jioni, nayo yashikwa mpaka leo katika nyumba zao ulimwenguni pote.

Margherita aliuza mapambo ya arusi yake kwa ajili ya nyumba ile na kikanisa chake. Akalima bustani ya mboga, na siku moja vijana wakicheza mchezo wa vita waliikanyaga yote. Mama akachoka. Akamwambia mwanawe kwamba anarudi kijijini. Yohane Bosco hakumjibu kwa maneno. Alinyosha kidole kuonyesha msalaba ukutani. Mama akatazama, akafunga tena kamba ya aproni yake, akabaki mpaka alipofariki, tarehe 25 Novemba 1856. Mwaka 2006 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa, hatua iliyo kabla ya kuitwa Mwenyeheri.

Yeye naye alipata nini? Tusitafute kitu kikubwa. Mama aliyekuwa na watoto watatu alifariki akililiwa na mamia ya vijana walioishi wakimwita Mama. Na kwa miaka kumi alikaa karibu na mwanawe, akaijua kazi yake, akaubeba uchovu wake. Ni wazazi wangapi leo wanaojua watoto wao wakubwa wanafanya nini kutwa?

Hapa nasimama kidogo juu ya neno jamaa. Katika Katanga neno hilo lina uzito. Katika miaka ya 1950 Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliwakusanya waume na wake wa wafanyakazi wa machimbo huko Kolwezi, akawafundisha kwa maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Chama kilichotoka humo kilipata baadaye mashaka yake, nayo si kazi ya somo hili. Lakini wazee wetu walilishika jambo moja lililo kweli: uzazi wa watu wawili hauishi kwa watoto waliotoka tumboni. Mume na mke waweza kuzaa tena kwa mapendo yao, wakiwa baba na mama wa mtu ambaye hakuwa na baba wala mama.

Sasa nitasema jambo la nyumba yangu mwenyewe, ambalo mke wangu amenipa ruhusa ya kulisema.

Dada mkubwa wa mke wangu alipofariki, tulimchukua mtoto wake wa kiume, mwenye miaka minane. Tulimpokea vizuri, akamwita mke wangu mama mdogo na mimi baba. Mwaka wa pili mtoto wetu mchanga aliugua homa isiyokwisha. Mwombaji mmoja, ambaye simtaji, alikuja kumwombea mgonjwa. Akamtazama yule yatima, akasema kwamba usiku wa nyumba yetu una macho. Hakusema zaidi. Tangu siku ile kijana alianza kula peke yake nyuma ya jiko, katika sahani ya bati. Hakuna aliyeamuru. Mke wangu alimpakulia huko, watoto wakazoea, na mimi, niliyefundisha amri za Mungu kila Jumamosi, nikanyamaza. Kumbe homa ilikuwa malaria, na dawa za zahanati zikaiponya. Lakini sahani ya bati ilibaki nyuma ya jiko. Ilikuwa dhambi yangu, nami nimeiungama.

Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Siku ya Maskini Ulimwenguni, ikaadhimishwa mara ya kwanza tarehe 19 Novemba 2017. Mwaka mmoja siku hiyo ilipokaribia, padri wetu aliomba jamaa za Kikristu zipike chakula nyumbani na kukipeleka kwa watoto wanaolala nje mjini. Akasisitiza kwamba jamaa nzima iende, si akina mama peke yao. Tukapika bukari na sombe na dagaa, tukaenda. Yatima naye akaja, kwa sababu sufuria lilihitaji mtu wa kulibeba.

Watoto wangu waliogopa. Walikwisha kusikia kwamba watoto wa barabarani ni wezi na wachawi, nao walisimama nyuma ya mama yao wakishika kitenge chake. Lakini huwezi kumgawia mtu chakula ukiwa umejificha. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi, alimpa chakula mvulana mmoja wa umri wake, akamwuliza kwa nini halali kwao. Mvulana akamweleza bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Baba yake alikuwa ameoa mke mwingine. Mtoto mmoja nyumbani akafa. Wakampa yeye sahani yake peke yake. Kisha mkeka wake peke yake. Kisha akalala barazani. Kisha mlango ukafungwa.

Tulikuwa tumetembea mwendo mrefu kurudi nyumbani, na giza lilikuwa linaingia, binti yangu aliposema: "Baba, yule alianza kwa sahani."

Hakuna aliyemjibu. Yatima alikuwa mbele yetu na sufuria tupu kichwani. Tulipofika, mke wangu akasonga bukari, akaitia sahani ya bati katika beseni la vyombo vichafu, akamwita kijana kwa jina lake, akamketisha kati ya watoto mbele ya chungu kimoja. Mimi niliosha mikono yangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa maana sikutaka watoto waone uso wangu.

Mkulima wangu wa Kasenga, hilo ndilo nililolipata. Tulikwenda kuwapa watoto wa wengine chakula cha siku moja, nasi tukarudishiwa mtoto wetu. Kama ningalikwenda peke yangu, ningalirudi na hadithi nzuri ya kusimulia katika somo la Jumamosi, na sahani ingalibaki mahali pake. Kama angalikwenda mke wangu peke yake, labda angaliona, lakini angaliogopa kuniambia. Ilitakiwa tuwe sote, na mmoja wetu awe mdogo kiasi cha kutojua kunyamaza.

Jambo hili la kuwashitaki watoto uchawi si mzaha, wala si desturi ya wazee wa zamani kama wengine wanavyojitetea. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshitaki uchawi. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yaweka adhabu ya kifungo. Lakini watoto wengi hutupwa bila mtu kutamka neno la kushitakiwa hakimuni. Hutupwa kidogo kidogo, kwa sahani.

Nitataja pato lingine, la dhamiri. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alikuwa mlei aliyefanya kazi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Saa zake za mapumziko aliwapa watoto wa barabarani pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, bila mshahara. Mwezi wa Julai mwaka 2007 aliuawa kwa sababu alikataa rushwa, asikubali chakula kilichoharibika kiingie nchini kuuzwa kwa watu. Fikirini: mtu aliyeketi na watoto wenye njaa, akawaona wakila, atawezaje kutia sahihi karatasi ya kuwalisha sumu? Mikono iliyozoea kuwapa maskini hupata kuona aibu. Wazazi wanaolalamika kwamba vijana wao wanapenda feza za njia ya mkato wawapeleke mahali ambapo watajua feza hizo hutoka kinywani mwa nani.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mume na mke wanaobeba pamoja matofali ya nyumba ya mjane huzungumza njiani, na wengi wao hawakuwa wamezungumza, ila juu ya madeni, tangu muda mrefu. Sala ya jioni hubadilika: zamani tulikuwa tukiwaombea maskini wote, maneno ambayo watoto huyasema wakisinzia, sasa tunawaombea watu wenye majina, na mtoto anakumbusha jina lililosahauliwa. Mtoto aliyezoea kumwosha mgonjwa haogopi ugonjwa. Mzee wa nyumba, ambaye hakuwa tena na kazi ila kukaa kivulini, anapata kazi ya kumfundisha kijana namna ya kukata na kufunga nyasi za paa la jirani. Mtakatifu Paulo, mwishoni mwa barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, anaisifu nyumba ya Stefana iliyojitoa kuwatumikia waamini, naye anataja nyumba nzima. Na Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei ya tarehe 18 Novemba 1965, ulihesabu kati ya kazi za jamaa kuwapokea watoto walioachwa, kuwakaribisha wageni, kuwasaidia vijana, na kuwategemeza wazee.

Yako mambo ya kuangalia. La kwanza ni picha. Siku hizi wengine hawawezi kumpa mtu kikombe cha unga bila kupiga picha kwa simu na kuipeleka kwa rafiki zao. Bwana wetu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue utendalo mkono wa kuume. Nadhani simu ni mkono wa kushoto wa siku zetu. Maskini naye ana uso wake, na hakukupa ruhusa ya kuutangaza. La pili, wazazi wasiwatume watoto kubeba mizigo wao wakiwa wameketi barazani wakihesabu sifa. La tatu, baba asiwe mkarimu nje na mkali ndani. Nimemwona mtu akigawa mahindi kanisani, naye ada ya shule ya binti yake hajalipa. Binti huyo hatapenda huruma kwa muda mrefu. Na mtu akienda kwa maskini aende kama mgeni: apige hodi, aketi akikaribishwa, akipewa maji ayanywe.

Wengine wataniambia kwamba mashauri haya ni ya mjini, na kijijini sisi sote ni maskini. Najua. Lakini katika kila kijiji kuna bibi kizee ambaye mtungi wake hukauka saa nne asubuhi, kuna mgonjwa ambaye matuta yake ya mihogo yameota majani, kuna nyumba iliyotobolewa na mvua ya Januari, kuna mfungwa ambaye ndugu zake wako mbali. Magerezani mwa nchi yetu mfungwa asiyeletewa chakula na jamaa hupata njaa kali. Tobiti alimfundisha mwanawe kwamba mwenye vingi atoe kwa wingi, na mwenye kidogo asiogope kutoa kulingana na kidogo chake. Basi mkulima wetu asiliache shamba lake siku nzima. Watu wanane wa nyumba moja wakiinama pamoja kuanzia alfajiri, matuta ya mgonjwa yamekwisha kabla jua halijawa kali, na saa tatu wako katika shamba lao. Nimewahesabu wakifanya hivyo. Mdogo wao, asiyeweza kushika jembe, alipewa kazi ya kuketi na mgonjwa mlangoni na kumwambia kazi imefika wapi, na mgonjwa alisema kwamba hiyo ndiyo iliyomfurahisha kupita zote.

Ikiwa mmoja wa nyumba si Mkatoliki, asiachwe nyuma. Jembe halina ubatizo. Ikiwa baba hataki, mama na watoto waanze na jambo dogo lililo karibu, bila kumgombeza.

Baada ya sala ya jioni, jibuni maswali haya pamoja nyumbani, na mdogo kuliko wote ajibu wa kwanza:

Ni nani katika kijiji chetu ambaye hakuna mtu aliyeingia nyumbani mwake tangu Jumapili iliyopita?

Siku gani ya juma hili sote tuko nyumbani asubuhi, na nani atachukua nini mkononi?

Je, katika nyumba yetu yuko anayekula peke yake? Alianza lini?